Kuuza Haki Isiyo ya Milele: Idhini, Maendelezo na Bei katika Mauzo ya Ardhi ya Muda Maalumu, Tanzania Bara, 1923–2004

Utangulizi

Mtu anaponunua kiwanja chenye hati ya miaka 33, 66 au 99 katika mji wowote wa Tanzania Bara, ananunua nini hasa? Muuzaji hujibu kwamba anauza kiwanja, na mkataba wa mauziano mara nyingi husema hivyo hivyo. Sheria, kwa upande wake, haijawahi kulikubali jibu hilo tangu mwaka 1923. Kwa mujibu wake, ardhi yenyewe haiuziki kwa kuwa si mali ya muuzaji. Kinachoweza kuhama kutoka mkono mmoja hadi mwingine ni haki ya kuitumia kwa muda uliobaki, pamoja na kile kilichojengwa au kupandwa juu yake. Na kwa sehemu kubwa ya historia inayojadiliwa hapa, hata hicho hakikuhama mpaka mwenye mamlaka juu ya ardhi aridhie. Makala haya yanafuatilia jinsi mambo hayo, yaani idhini, maendelezo na bei, yalivyoingia katika sheria ya ardhi ya Tanganyika na baadaye Tanzania Bara, na namna yalivyogawa hasara kati ya muuzaji na mnunuzi pale mauzo yalipoharibika. Zanzibar, yenye historia na sheria zake za ardhi, haimo katika mjadala huu.

Mijadala ya historia ya ardhi nchini imeelemea zaidi kwenye utwaaji wa ardhi na wakoloni, uanzishaji wa vijiji na migogoro ya wafugaji na wakulima. Mauzo ya kawaida kati ya mtu na mtu yameachiwa mawakili, kana kwamba hayana historia. Ninaona kwamba huo ni upungufu. Hoja ya makala haya ni kwamba sharti la idhini, ambalo lilibuniwa kumlinda mwenyeji asinyang'anywe ardhi yake, liligeuka kwa muda wa miaka sitini hivi kuwa kinga ya muuzaji aliyejuta, na kwamba aliyeumia zaidi ni mnunuzi aliyekwisha kulipa.

Asili ya idhini

Amri ya Kaizari ya tarehe 26 Novemba 1895 ilitangaza kwamba ardhi yote katika Afrika Mashariki ya Kijerumani isiyokuwa na mwenyewe ni ardhi ya Dola. Haki za watu binafsi, za machifu na za jumuiya za wenyeji zilitajwa kuwa zimehifadhiwa, lakini mzigo wa kuzithibitisha uliwaangukia wao. Kutokana na ardhi hiyo ya Dola, walowezi na makampuni walipewa mashamba, mengi yakiwa ya mkonge katika Tanga na ya kahawa katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru. Sehemu kubwa ya mashamba hayo ilitolewa kwa umilikaji wa kudumu, usio na ukomo wa miaka. Hadi utawala huo unaondolewa, takriban ekari milioni 1.3 zilikuwa zimekwisha kutoka mikononi mwa wenyeji kwa njia hiyo.

Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika na Shirikisho la Mataifa, walipewa na masharti. Kifungu cha 6 cha hati ya udhamini kiliwataka wazingatie sheria na desturi za wenyeji katika kutunga sheria za ardhi, na kikakataza ardhi ya mwenyeji kuhamishiwa kwa asiye mwenyeji bila idhini ya mamlaka za umma iliyopatikana kabla. Hapa ndipo tunapoikuta idhini kwa mara ya kwanza katika umbo lake la kimataifa. Haikuwa na uhusiano wowote na kodi, wala na upangaji wa miji, wala na thamani ya ardhi. Ilikuwa kinga dhidi ya tajiri mgeni.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ililitekeleza sharti hilo kwa kulipanua. Ardhi yote ya Tanganyika, yenye watu na isiyo na watu, ilitangazwa kuwa ardhi ya umma chini ya usimamizi wa Gavana, itumike kwa manufaa ya wenyeji, ya moja kwa moja au yasiyo ya moja kwa moja; na haki yoyote ya kuikalia na kuitumia haikuwa halali bila idhini yake. Kielelezo cha sheria hiyo kilitoka Kaskazini mwa Nigeria, ambako Waingereza walikuwa wamekwisha kujaribu mfumo wa aina hiyo tangu mwaka 1910. Haki iliyotolewa chini yake ilikuwa na ukomo usiozidi miaka 99, ilikuwa na kodi ya mwaka na masharti ya uendelezaji, na iliweza kufutwa. Mashamba yaliyokwisha kutolewa na Wajerumani kwa umilikaji wa kudumu yaliachwa yalivyo.

Inafaa kutua kidogo kwenye jina la haki hiyo. Katika lugha ya sheria ya wakati ule, jina lenyewe lilihusu kukaa katika ardhi, si kuimiliki. Kiswahili kililipokea kwa neno zito zaidi: haki ya kumiliki ardhi, na karatasi yake ikaitwa hatimiliki. Tafsiri hiyo si kosa, kwa sababu milki nayo ina madaraja. Lakini imewafanya wauzaji na wanunuzi wa vizazi kadhaa waamini kwamba karatasi iliyo mkononi inasema zaidi ya inavyosema. Wala si upangaji katika maana ya kawaida, ingawa ina miaka, kodi na masharti kama mkataba wa pango. Mpangaji na mwenye nyumba wamefungana kwa mapatano; mwenye haki hii amepewa na Dola, na Dola inaweza kuiondoa kwa utaratibu wa sheria ya umma.

Marekebisho ya mwaka 1928 yaliingiza katika tafsiri ya haki hiyo umiliki wa mwenyeji au jumuiya ya wenyeji wanaoitumia ardhi kwa mujibu wa sheria na desturi zao. Mkulima wa Uchagga au Usambaa akawa, kwa maneno ya sheria, na haki ya aina ile ile kama ya mwenye hati, ila yake haikuwa na karatasi wala idadi ya miaka. Wale waliojaribu kudai zaidi walishindwa. Mtoro bin Mwamba, aliyedai umilikaji kamili wa ardhi karibu na Dar es Salaam, aliambiwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki kwamba alichokuwa nacho kwa desturi ni haki ya matumizi tu.

Sheria mbili katika mkataba mmoja

Mwaka huo huo wa 1923 ilitungwa sheria nyingine ambayo kwa maoni yangu ndiyo chanzo cha matatizo mengi yaliyofuata. Sheria hiyo, iliyohusu mali isiyohamishika na uhamishaji wake, iliingiza Tanganyika sheria ya mali ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 1 Januari 1922. Iliweka pia sharti kwamba mapatano ya kuhamisha ardhi kutoka kwa mwenyeji kwenda kwa asiye mwenyeji yasiwe halali bila idhini ya Gavana.

Matokeo yake ni kwamba mauzo ya ardhi yalisimama juu ya misingi miwili isiyofanana. Haki iliyokuwa ikiuzwa ilitoka katika mfumo wa Nigeria, ambamo Gavana ndiye mtoaji na msimamizi. Mkataba wa kuiuza ulitafsiriwa kwa kanuni za Kiingereza, ambamo mnunuzi aliyetia saini na kulipa huhesabiwa kuwa ameanza kupata maslahi katika mali hata kabla ya hati kubadilishwa jina, na mahakama inaweza kumlazimisha muuzaji akamilishe alichoahidi. Misingi hii miwili ingeweza kuishi pamoja kama sheria ingeeleza ni lini hasa idhini inahitajika: kabla ya mapatano, kabla ya malipo, au kabla ya usajili. Kanuni za Ardhi za mwaka 1948 zilijibu kwa namna iliyoongeza utata. Zilisema kwamba uhamishaji wa haki ya kumiliki ardhi hautakuwa na nguvu isipokuwa uwe kwa maandishi na mpaka uidhinishwe. Sharti sasa liliwahusu wote wenye haki ya aina hiyo, mwenyeji na mgeni, Mwafrika, Mhindi na Mzungu. Kinga ya mwenyeji dhidi ya mgeni ikawa utaratibu wa jumla wa ofisi ya ardhi.

Swali la nini kinatokea kwa mkataba katika kipindi cha kusubiri halikujibiwa. Je, umekufa, umelala, au uko hai lakini haujaanza kutembea? Jibu lilichukua zaidi ya nusu karne.

Umilikaji wa kudumu unaondoka

Mwaka 1958 Serikali ya kikoloni, ikifuata mwelekeo wa Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki ya 1953–55, ilitoa mapendekezo ya kuwawezesha Waafrika kupata umilikaji wa kudumu wa ardhi. Julius Nyerere aliyapinga katika andiko lake la mwaka huo lililojulikana kama Mali ya Taifa. Msimamo wake ulikuwa kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu kwa watu wote, na kwamba mtu anachoweza kudai ni kile alichokizalisha kwa jasho lake. Alihofia pia kwamba soko huru la ardhi lingewafanya maskini wauze na kubaki wapangaji katika nchi yao.

Baada ya uhuru msimamo huo ukawa sheria kwa hatua mbili. Sheria ya mwaka 1963 iligeuza milki zote za kudumu kuwa pango la Serikali la miaka 99 kuanzia tarehe 1 Julai 1963. Kisha sheria ya mwaka 1969 ikaligeuza pango hilo la Serikali kuwa haki ya kumiliki ardhi kwa miaka iliyobaki. Kwa hatua ya kwanza mwenye shamba la mkonge aliyekuwa mmiliki wa milele akawa mpangaji wa Serikali. Kwa hatua ya pili akawa chini ya utaratibu ule ule wa idhini uliomhusu mwenye kiwanja cha mjini. Wakati huo huo upangaji wa kimila ulivunjwa. Katika Bukoba, ambako mfumo wa nyarubanja ulimfanya mlimaji kuwa mtwana wa mwenye ardhi kizazi baada ya kizazi, sheria za mwaka 1965 na 1968 zilimfanya mlimaji mwenyewe kuwa mwenye haki.

Sheria ya Utwaaji wa Majengo ya mwaka 1971 iligusa upande wa majengo. Kuanzia Aprili mwaka huo, majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo mwenyewe hakuyakaa yote yaliweza kutwaliwa, na yaliyozidi umri wa miaka kumi hayakulipiwa fidia. Yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Kwa historia ya mauzo jambo muhimu hapa ni moja: nyumba kubwa ya kupangisha iliondoka sokoni kwa muda mrefu, na soko likabaki kwenye nyumba ndogo, viwanja vya kujenga na mashamba ya pembezoni mwa miji. Wanunuzi wa soko hilo hawakuwa watu wa kuweka mawakili.

Muuzaji aliyejuta

Tuchukue mfano wa kubuni, ingawa kila aliyepitia majalada ya kesi za ardhi ataitambua sura yake. Muuzaji mwenye hati ya miaka 33 anakubaliana na mnunuzi mwaka 1979. Wanaandikiana. Mnunuzi anatoa arubuni, kisha anamaliza deni kwa awamu tatu. Anaingia, anajenga ukuta, anaongeza vyumba. Maombi ya idhini hayapelekwi, kwa sababu muuzaji ndiye anayepaswa kuyatia saini na kila siku ana safari. Mwaka 1987 bei ya kiwanja kile imepanda mara nyingi. Muuzaji anafungua shauri, au anakataa kuhamisha jina mnunuzi anapomshtaki, na hoja yake ni moja: hapakuwa na idhini, kwa hiyo hapakuwa na mauzo. Yuko tayari kurudisha fedha alizopokea, shilingi kwa shilingi.

Shilingi zenyewe hazikuwa zile zile. Mwaka 1986 pekee thamani yake ilishushwa kutoka takriban 17 hadi 40 kwa dola moja ya Marekani, na bei za vifaa vya ujenzi zilikwenda nayo. Sheria ya Mikataba inamtaka aliyepokea manufaa chini ya mapatano yaliyobainika kuwa batili ayarudishe, lakini kurudisha hesabu ya mwaka 1979 katika mwaka 1987 ni kumrudishia mnunuzi sehemu tu ya alichotoa. Kama mnunuzi alikaa kimya akiamini kwamba jambo limekwisha, alikabiliwa pia na Sheria ya Ukomo wa Madai ya mwaka 1971, ambayo inampa miaka sita kwa madai ya mkataba.

Uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika shauri la Nitin Coffee Estates dhidi ya United Engineering Works, uliochapishwa katika ripoti za mwaka 1988, uliwapa nguvu wauzaji wa aina hii. Mahakama ilisisitiza kwamba uhamishaji wa haki ya kumiliki ardhi bila idhini hauna nguvu ya kisheria. Ni uamuzi unaoeleweka kwa mtazamo wa maneno ya kanuni: kanuni zilisema kwamba uhamishaji hautakuwa na nguvu, na Mahakama haikuona sababu ya kuyageuza maneno hayo. Tatizo liko kwenye matumizi yake. Katika mahakama za chini, hoja ya kukosekana kwa idhini ilitumika kana kwamba imeua mapatano yote, pamoja na wajibu wa muuzaji wa kuiomba idhini hiyo. Muuzaji akafaidika na uzembe wake mwenyewe. Sharti ambalo Shirikisho la Mataifa lililiweka ili mwenyeji asiporwe likamwezesha mwenyeji mmoja kumpora mwenzake, naye Kamishna wa Ardhi, aliyepaswa kuwa mlinzi, hakuwa hata mhusika katika shauri.

Ilibidi kungoja shauri la Abualy Alibhai Azizi dhidi ya Bhatia Brothers, lililoripotiwa mwaka 2000, ndipo Mahakama ya Rufani ikatofautisha vitu viwili vilivyokuwa vimechanganywa. Mapatano ya kuuza ni kitu kimoja na uhamishaji wa haki ni kingine. Kukosekana kwa idhini kunazuia uhamishaji usifanye kazi. Hakuufanyi mkataba kuwa batili tangu mwanzo. Mahakama iliweka mkazo kwenye heshima ya mapatano: mtu mwenye akili timamu aliyekubali kwa hiari, bila udanganyifu na bila kukiuka maslahi ya umma, hapaswi kupewa visingizio vya kutotimiza alichoahidi. Kwa lugha ya swali tuliloliacha juu, mkataba unaosubiri idhini uko hai.

Sioni kwamba uamuzi huu ulipindua sheria, kama inavyodaiwa wakati mwingine. Uliirudisha kanuni ya 1948 kwenye maneno yake, maana kanuni ilizungumzia uhamishaji na haikutaja mapatano. Kilichobadilika ni mtazamo kuhusu nani anayelindwa na idhini. Lakini wanunuzi wa miaka ya 1980 waliokwisha kupoteza mashauri yao hawakufufuliwa na uamuzi wa mwaka 2000.

Bei ya ardhi tupu

Kama ardhi haina mwenyewe isipokuwa umma, basi haina bei. Hilo ndilo hitimisho lililofikiwa na watunga sera kutokana na msimamo wa 1958, na likawa kanuni ya ofisi kwa miongo mitatu: kinachothaminiwa katika mauzo na katika fidia ni maendelezo ambayo faida yake haijaisha, yaani jengo, kisima, mibuni, minazi. Kiwanja kitupu hakikuwa na cha kuuza.

Soko halikuikubali kanuni hiyo hata siku moja. Lilijifunza tu kuizungumza lugha yake. Ndiyo maana katika viwanja vingi vya miji yetu palionekana msingi usioinuliwa, au chumba kimoja cha matofali kisichokaliwa na mtu, na katika mashamba mistari michache ya michungwa. Vilikuwa maendelezo ya karatasi. Bei iliyoandikwa katika mkataba ilitajwa kuwa ya msingi au ya miti, na mthamini, muuzaji, mnunuzi na karani wote walijua kwamba msingi ule haukugharimu hata sehemu ya kumi ya fedha zilizobadilishana mikono. Madhara yake kwa mnunuzi yalikuwa ya kweli. Bei ya kwenye karatasi iliposhushwa ili ilingane na msingi, au ili kupunguza ushuru wa stempu, ndiyo iliyokuwa bei pekee aliyoweza kuithibitisha mahakamani pale muuzaji alipomgeuka.

Mahakama ya Rufani iligusa suala hili kwa upande wa umiliki wa kimila katika rufani ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwenzake, Rufani ya Madai Na. 31 ya 1994. Bunge lilikuwa limetunga sheria mwaka 1992 ya kufuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa wakati wa operesheni za miaka ya 1970. Jaji Mkuu Francis Nyalali, akisoma uamuzi wa Mahakama, alisema kwamba haki ya kimila ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba, na kwamba aliyeitolea ardhi jasho lake anastahili fidia ya haki hata kama hakuna jengo wala mti uliobaki juu yake. Inavutia kuona kwamba uamuzi huo ulijengwa juu ya hoja ile ile ya Nyerere kuhusu jasho, lakini ukafika mahali ambapo sera ya chama haikufika: kufyeka pori tu kunatosha kuipa ardhi thamani.

Wakati huo Tume ya Rais ya Kuchunguza Masuala ya Ardhi, chini ya uenyekiti wa Profesa Issa Shivji, ilikuwa imekwisha kukabidhi ripoti yake mwaka 1992. Pendekezo lake kubwa, la kuiondoa ardhi mikononi mwa Rais na kuikabidhi kwa tume ya taifa na mikutano mikuu ya vijiji, lilikataliwa. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 ilibakiza ardhi kuwa ya umma chini ya udhamini wa Rais, ila ilikiri kwamba ardhi ina thamani. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, iliweka ungamo hilo miongoni mwa misingi yake: maslahi katika ardhi yana thamani, na thamani hiyo izingatiwe katika kila muamala. Miaka mitatu baadaye, marekebisho ya mwaka 2004 yalilegeza kwa masharti katazo la kuuza na kuweka rehani ardhi isiyoendelezwa. Michungwa ya karatasi ilipoteza kazi yake.

Mwenzi, mjumbe na ofisi ya ardhi

Sheria ya 1999 iligeuza pia sura ya idhini. Kwa mauzo mengi kati ya raia, linalotakiwa ni taarifa kwa Kamishna wa Ardhi pamoja na malipo ya kodi na tozo zote zinazodaiwa. Idhini ilibakizwa kwa aina maalumu za mauzo. Mkataba wa mauziano hautekelezeki mahakamani bila maandishi. Asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, kupitia utaratibu wa uwekezaji. Katika utendaji, hata hivyo, tofauti kati ya taarifa na idhini ni ndogo kuliko ilivyo katika vifungu, maana Msajili wa Hati hawezi kuandika jina jipya mpaka jalada lipite mikono ile ile, na kodi ya pango la ardhi iliyolimbikizwa na muuzaji kwa miaka kumi hujulikana siku hiyo.

Kuna idhini nyingine ambayo haikutoka kwa Gavana wala kwa Nigeria, nayo kwa uzoefu wa mashauri imeangusha mauzo mengi. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mwanandoa kuuza, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. Uamuzi wa Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu wa mwaka 1983, uliokubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa, uliipa ridhaa hiyo uzito zaidi. Kwa mnunuzi, hatari hii haionekani katika daftari la hati isipokuwa mwenzi awe ameweka zuio. Mke anaweza kuwa shambani, mbali na mji, wakati nyumba ikiuzwa. Sheria ya 1999 iliyaendeleza masharti haya, hasa kwa rehani.

Nje ya eneo lililopimwa, ofisi ya ardhi haikuwepo kabisa. Hapo mauzo yaliandikwa kwenye karatasi ya daftari mbele ya mjumbe wa nyumba kumi, taasisi iliyoanzishwa na TANU katika miaka ya 1960 kwa kazi ya siasa na usalama, si ya uhamishaji wa mali. Mjumbe hakuwa na daftari la hati, wala hakuwa na mamlaka ya kisheria ya kuidhinisha. Alichokuwa nacho ni kumbukumbu: alijua mpaka ulipita kwenye mnazi gani, nani ni mtoto wa marehemu, na kama mke alikuwepo. Kwa vipimo vya uhakika wa mauzo, mnunuzi wa Manzese mwenye mjumbe mwadilifu huenda alikuwa salama kuliko mnunuzi wa kiwanja chenye hati aliyemtegemea muuzaji atie saini maombi ya idhini. Sharti la mwaka 1948 halikumfikia, na kwa hiyo halikumdhuru, mpaka eneo lake lilipopimwa na karatasi ya daftari ikatakiwa kugeuzwa hati.

Miaka iliyobaki

Suala ambalo sheria zote hizi zililigusa kwa uchache ni muda wenyewe. Bei za soko la miji hazionyeshi sana tofauti kati ya kiwanja kilichobakiza miaka tisini na kilichobakiza minane. Mnunuzi huuliza barabara, maji na hati, na ni nadra kuuliza hati inaisha lini. Hati nyingi za miaka 33 zilizotolewa katika miaka ya 1960 na 1970 zilifikia ukomo kabla au muda mfupi baada ya Sheria ya 1999 kuanza kutumika, nyingine zikiwa zimeuzwa mara mbili au tatu njiani. Mwenye haki iliyoisha hutegemea kuhuishwa kwa milki yake, na kuhuishwa huko huangalia kama masharti ya uendelezaji na kodi yametimizwa, si na yeye tu bali na wale waliomtangulia. Deni la muuzaji wa kwanza humfuata mnunuzi wa tatu.

Kwa mashamba yaliyokuwa ya milki ya kudumu hadi mwaka 1963, hesabu ni nyepesi. Miaka 99 iliyoanza tarehe 1 Julai 1963 inakamilika tarehe 30 Juni 2062. Anayenunua leo shamba la mkonge la aina hiyo katika Korogwe au Muheza, ambalo haki yake haijatolewa upya, ananunua miaka isiyofika arobaini, na mkonge aliokusudia kuupanda utavunwa ndani ya miaka hiyo. Kiwanda, reli ya shambani na nyumba za wafanyakazi ni maendelezo, na yatathaminiwa kwa kanuni zitakazokuwepo wakati huo.